Ukumbusho wa Mji na Kumbukumbu ya Familia: Miaka 100 ya Lubumbashi katika Kiswahili cha Wakazi Wake

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maadhimisho ya miaka 100 ya mji wa Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa kuyatazama kutoka upande wa familia za wakazi. Hoja kuu ni kwamba tarehe ya 1910 inahesabu umri wa mji kwa kalenda ya reli, utawala na kampuni ya madini, ilhali familia zilizojenga mji huo zina kalenda nyingine. Kalenda hiyo imehifadhiwa kwa kiasi kikubwa katika Kiswahili cha Lubumbashi, lahaja ambayo mara nyingi huhukumiwa kuwa lugha iliyoharibika na kwa sababu hiyo huachwa nje ya nyaraka rasmi. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo ya kisera kuhusu ukusanyaji na uhifadhi wa kumbukumbu hizo.

Utangulizi

Mwaka 2010 wakazi wa Lubumbashi walikuwa na maadhimisho mawili. Tarehe 30 Juni nchi yao ilitimiza miaka 50 ya uhuru. Mwaka huohuo mji wao ulitimiza miaka 100. Ukizipanga hesabu hizo mbili pamoja, nusu ya kwanza ya maisha ya mji iliangukia katika ukoloni wa Kibelgiji na nusu ya pili katika uhuru. Kwa mtu anayeishi hapo, kusherehekea jambo la pili kulikuwa rahisi kueleza: nchi ilijitawala. Jambo la kwanza lilihitaji maelezo. Je, mtoto aliyeshikwa mkono na babu yake kwenda kutazama sherehe za mji angeambiwa kwamba wanasherehekea nini hasa? Kuwasili kwa Wabelgiji? Kuanza kwa kazi ya migodi? Au maisha ya babu mwenyewe?

Swali hilo si la Lubumbashi peke yake. Miji mingi ya Afrika ya Mashariki na Kati ilizaliwa kutokana na reli, ngome au mgodi, na kila inapofikisha miaka 50, 75 au 100, watawala wa leo hujikuta wakiadhimisha uamuzi wa watawala wa jana. Lubumbashi, hata hivyo, ina jambo linaloifanya istahili kuchunguzwa na wataalamu wa Kiswahili. Wakazi wake wamekuwa wakiandika, wakichora na wakisimulia historia ya mji wao kwa Kiswahili muda mrefu kabla ya kufika kwa miaka 100, na neno walilolichagua kuitaja kazi hiyo ni ukumbusho.

Mwaka wa kuanzia kuhesabu

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwezi Oktoba 1906. Mwezi Septemba 1910 treni ya kwanza ilifika kutoka kusini, kupitia nchi ambayo leo ni Zambia. Mji uliopangwa chini ya uongozi wa Emile Wangermée ulipewa jina la Elisabethville, kwa heshima ya malkia wa Ubelgiji, mke wa mfalme Albert wa Kwanza. Mwaka 1911 tanuri lililojengwa kando ya mto Lubumbashi lilitoa shaba yake ya kwanza. Haya ndiyo matukio yanayoufanya mwaka 1910 uwe mwaka wa kuzaliwa kwa mji.

Lakini shaba ya Katanga haikungoja treni. Wenyeji waliichimba na kuiyeyusha kwa karne nyingi, wakaitengeneza kwa umbo la misalaba midogo iliyotumika katika biashara na katika mazishi. Katika karne ya 19 Msiri, aliyetokana na jamii ya wafanyabiashara wa Kinyamwezi na Kisumbwa kutoka nchi ambayo leo ni Tanzania, alijenga dola yake yenye makao makuu Bunkeya. Misafara ya Bunkeya ilifika pwani zote mbili za bara, na kwa njia hiyo Kiswahili kilisikika Katanga kabla ya afisa yeyote wa Kibelgiji kuweka mguu wake huko. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na mmoja wa maafisa wa msafara wa Stairs, uliokuwa ukimtumikia mfalme Leopold wa Pili.

Kwa hiyo 1910 si mwanzo wa watu wala wa shaba, na si mwanzo wa Kiswahili katika eneo hilo. Ni mwanzo wa mji wa kampuni. Jambo hili lilitambuliwa na wanahistoria wenyewe. Kitabu kilichochapishwa katika mwaka wa maadhimisho chini ya uhariri wa Bogumil Jewsiewicki, Donatien Dibwe dia Mwembu na Rosario Giordano kilibeba, pamoja na anwani yake ya Kifaransa, maneno ya Kiswahili cha mji: ukumbusho wa mukini wa komponi. Mukini ni mji, na komponi ni kampuni. Mwenye kusoma anwani hiyo anaelewa mara moja mji ulikuwa wa nani.

Familia iliyoundwa na kampuni

Katika miaka ya mwanzo, mji wa kampuni haukuwa mji wa familia. Vibarua waliajiriwa kwa mikataba mifupi, wakafika bila wake, wakafanya kazi kwa miezi michache, wakarudi makwao au wakafa kwa maradhi. Wengi walitoka kusini, na lugha za kazini zilichanganya Kibemba, Kiingereza na lugha ya amri iliyotumika katika migodi ya kusini mwa Afrika. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu Kiswahili katika Kongo ya Wabelgiji, ameonesha jinsi hofu ya ushawishi wa Waingereza ilivyochangia uamuzi wa kukipa Kiswahili nafasi ya lugha ya kazi. Kiswahili kilifaa kwa sababu kilitenganisha Katanga na Rhodesia, na kwa sababu kilikuwa tayari kinajulikana na watu wengi wa mashariki.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwishoni mwa miaka ya 1920. Kampuni ilianzisha sera ya kuwatuliza wafanyakazi: mikataba ya miaka 3, nyumba kambini, posho kwa mke na watoto, kliniki za kina mama, na shule zilizoendeshwa na wamisionari. Waajiriwa wapya waliletwa kutoka Kasai, Lomami na, kwa kipindi fulani, kutoka Ruanda-Urundi. Mtu kutoka Kasai akawa jirani wa mtu kutoka Burundi ya leo, na watoto wao wakacheza pamoja. Wazazi walikuwa na lugha zao. Watoto waliozaliwa kambini walikuta Kiswahili uwanjani, shuleni na kanisani. Ndivyo lugha iliyochaguliwa kwa ajili ya amri za kazi ilivyogeuka kuwa lugha ya kwanza ya kizazi kizima.

Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, amelichambua jambo hili katika kitabu chake cha 2001 kuhusu familia za wafanyakazi wa Katanga. Katika anwani yake wafanyakazi na watoto wao wanaitwa Bana Shaba, yaani wana wa Shaba, na inaelezwa kwamba wametelekezwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni. Kampuni ndiyo iliyolisha, iliyotibu, iliyosomesha na iliyoadhibu. Baba wa damu alikuwa na heshima nyumbani kwa kadiri alivyokuwa na heshima kazini. Matokeo yake ni kwamba historia ya kampuni na historia ya ukoo ziliunganishwa kiasi cha kufanya iwe vigumu kusimulia moja bila nyingine.

Vizazi vitatu mbele ya miaka 100

Ili kuona tofauti kati ya kalenda ya mji na kalenda ya familia, inafaa kuchukua mfano wa kukisia tu: familia ya vizazi vitatu inayohudhuria maadhimisho ya 2010. Bibi amezaliwa kambini mwaka 1930, kwa hiyo ana miaka 80. Mwanawe amezaliwa 1955, ana miaka 55. Mjukuu amezaliwa 1985, ana miaka 25. Familia hii si ya mtu fulani. Ni kipimo cha kuhesabia.

Bibi alikuwa na umri wa miaka 11 tarehe 9 Desemba 1941. Siku hiyo wafanyakazi waliogoma kudai nyongeza ya mshahara, wakati gharama za maisha zikipanda kwa sababu ya vita, walikusanyika katika uwanja wa mpira wa kambi ya Lubumbashi. Gavana wa jimbo alifika, na askari wakafyatua risasi. Makumi ya watu waliuawa, akiwemo Léonard Mpoyi, aliyekuwa msemaji wao. Idadi iliyotangazwa na serikali na idadi iliyobaki vinywani mwa watu hazikukubaliana kamwe. Kwa mtoto wa kambini tarehe hiyo si habari ya mbali: uwanja ulikuwa ndani ya kambi.

Mwanawe alikuwa na miaka 5 tarehe 11 Julai 1960, Moïse Tshombe alipotangaza kujitenga kwa Katanga na kuufanya mji huu kuwa makao makuu yake. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba aliletwa katika mji huo na kuuawa nje yake. Kujitenga kulikwisha Januari 1963. Mtoto alikuwa na miaka 11 mwaka 1966, jina la Elisabethville lilipofutwa na la Lubumbashi kuwekwa mahali pake, na miaka 12 serikali ilipoichukua Union Minière mwanzoni mwa 1967. Kampuni mpya, iliyokuja kuitwa Gécamines, ilirithi kambi, shule, hospitali na pia cheo cha baba.

Mjukuu alizaliwa wakati Gécamines ilikuwa bado inazalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Alikuwa na miaka 5 mgodi wa Kamoto ulipoporomoka mwaka 1990. Kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 50,000. Mwaka 1992 na 1993, akiwa na miaka 7 na 8, alishuhudia watu wengi wenye asili ya Kasai wakifukuzwa Katanga, ingawa wengi wao walikuwa wamezaliwa huko na hawakuwa na kijiji cha kurudia. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondolewa kazini kwa malipo ya mkupuo, katika mpango uliogharimiwa kwa fedha za Benki ya Dunia. Mjukuu alikuwa na miaka 18, umri ambao baba yake alitarajia kuingia kazini.

Tukizipanga tarehe hizi, tunapata kalenda yenye siku za risasi, za kufukuzwa na za kuachishwa kazi, lakini pia yenye siku ya kupewa nyumba, siku ya kwanza shuleni na siku ya posho. Mwaka 1910 haumo katika kumbukumbu ya mtu yeyote wa familia hii. Unamfikia bibi kwa njia ya masimulizi ya wazazi wake tu, na huenda wazazi hao walifika mjini baada ya 1925. Aidha, ikiwa asili ya familia ni Kasai, kuhudhuria maadhimisho kuna uzito wa pekee. Mtu ambaye miaka 17 kabla ya hapo aliambiwa kwamba si mwenyeji anaalikwa kusherehekea mji ambao ukoo wake uliujenga. Maadhimisho ya mji ni mahali ambapo suala la uenyeji hujibiwa hadharani, iwe waandaaji wamekusudia au hawakukusudia.

Ukumbusho: nyaraka za sebuleni

Katika Kiswahili sanifu, ukumbusho ni kitu au tendo la kumkumbusha mtu jambo. Katika Lubumbashi ya miaka ya 1970 neno hili lilipata maana mahususi zaidi. Lilitaja aina ya michoro ya rangi iliyouzwa kwa bei nafuu kwa wafanyakazi na kutundikwa sebuleni. Mchoro mmoja uliopendwa ulijulikana kwa jina la Colonie belge: mfungwa amelazwa chini akichapwa viboko, askari mweusi ameshika mjeledi, afisa mzungu anatazama. Michoro mingine ilionesha maisha ya mababu, ambao katika lahaja hii huitwa bankambo, au kukamatwa kwa Lumumba.

Mchoraji mashuhuri zaidi wa mkondo huu ni Tshibumba Kanda Matulu. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea Fabian mfululizo wa michoro 101 ya historia ya nchi, huku akiieleza kwa Kiswahili. Mfululizo huo na mazungumzo yake ulichapishwa mwaka 1996. Cha kuzingatia hapa ni kazi ya mchoro ndani ya nyumba. Ukumbusho ulitundikwa mahali wageni wanapokaa ili uzushe mazungumzo: mzee aeleze, kijana aulize, jirani asahihishe. Kwa maana hiyo, kila sebule ilikuwa na sehemu yake ya nyaraka za mji, na lugha ya kuzifungua nyaraka hizo ilikuwa Kiswahili cha Lubumbashi.

Kuna tofauti ya msingi kati ya ukumbusho wa namna hii na maadhimisho rasmi. Maadhimisho huweka tarehe moja na kuwaita watu waitazame kwa pamoja. Ukumbusho huanza na tukio lililoumiza au kufurahisha, na kuwaacha waliopo wabishane kuhusu maana yake. Maadhimisho hufungwa hotuba zinapokwisha. Mchoro hubaki ukutani.

Kitabu cha André Yav na tatizo la maandishi

Mwaka 1965, yaani miaka 45 kabla ya maadhimisho ya karne, historia ya mji ilikwisha kuandikwa kwa Kiswahili na wakazi wake. André Yav, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, alitayarisha andiko lililopigwa chapa na kurudufishwa, lenye jina la Kifaransa Vocabulaire de Ville de Elisabethville. Licha ya jina hilo, si kamusi. Ni historia ya mji na ya ukoloni kama ilivyoonekana kutoka jikoni na ukumbini, kwa macho ya maboi waliowahudumia Wazungu na kuyasikia waliyoyasema.

Andiko hilo lilichapishwa upya na Fabian mwaka 1990, pamoja na tafsiri na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho. Watafiti walikutana na ugumu ambao unafundisha. Yav hakufuata tahajia sanifu. Mipaka ya maneno haikuwa thabiti, na alama za uakifishi zilikuwa chache. Msomaji aliyezoea Kiswahili cha Unguja au cha vitabu vya Dar es Salaam alikwama. Njia iliyofanikiwa ilikuwa kumpa Kalundi Mango, mzungumzaji wa lahaja hiyo, alisome kwa sauti, liliposikika, lilieleweka. Tatizo basi halikuwa katika lugha ya Yav. Lilikuwa katika matarajio ya msomaji.

Hapa ndipo suala la hadhi ya lahaja linapohusiana na suala la historia. Kiswahili cha Lubumbashi kina kanuni zake. Kiambishi cha ngeli ya watu katika wingi ni ba-, hivyo husemwa bantu na batoto. Silabi mu- hubaki kamili, hivyo husemwa mutoto na muzee. Msisitizo hutolewa kwa njo pale ambapo lahaja nyingine husema ndiyo au ndio. Msamiati wa kazi umechukuliwa kutoka Kifaransa, Kiingereza na lugha za Kongo. Mhariri anayeyaona haya kuwa makosa atayasahihisha, na katika kuyasahihisha atafuta alama za nani alisema, alifika mjini kutoka wapi, na alifanya kazi gani. Anayeyaona kuwa makosa yasiyosahihishika atayaacha nje kabisa. Kwa vyovyote vile, ushahidi hupotea.

Mapendekezo ya kisera

Katiba ya Kongo ya 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba cha Kasai kuwa lugha za taifa. Mwaka 2022 Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na hivyo kuongeza mamilioni ya wazungumzaji wa Kiswahili katika Jumuiya. Hatua hiyo inaweza kuifaa historia ya miji ya Kongo au kuidhuru. Itaifaa iwapo Kiswahili cha Kongo kitapokewa pamoja na maandiko na masimulizi yake. Itaidhuru iwapo wazungumzaji watachukuliwa kuwa wanafunzi wanaongoja kufundishwa Kiswahili na majirani zao. Kutokana na mjadala huu, mambo manne yanapendekezwa.

Kwanza, miradi ya kukusanya kumbukumbu za miji ianze miaka kadhaa kabla ya maadhimisho na isingoje bajeti ya sherehe. Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanza karibu na mwaka 2000 kwa ushirikiano wa wanahistoria, makumbusho na wakazi, ulionesha kwamba familia hutoa picha, vyombo na masimulizi zinapoaminiwa. Hesabu ya umri ni kali: shahidi wa 1941 aliyekuwa na miaka 11 leo amepita miaka 90.

Pili, masimulizi yanukuliwe mara mbili: mara moja kama yalivyosemwa, na mara nyingine kwa tahajia sanifu kwa ajili ya wasomaji wa nchi jirani. Nakala ya pili isichukue nafasi ya kwanza, na sauti iliyorekodiwa ihifadhiwe pamoja nazo.

Tatu, taasisi za Kiswahili za kikanda ziweke maandiko kama la Yav katika orodha zao za maandiko ya Kiswahili, na vyuo vikuu viyafundishe katika kozi za historia ya lugha.

Nne, kamati za maadhimisho ya miji ziandae kalenda ya pamoja na wakazi, ambayo ndani yake tarehe kama 9 Desemba 1941 zina nafasi kando ya tarehe za kuanzishwa kwa mji. Mji uliopitia mifarakano ya uenyeji unahitaji kalenda hiyo zaidi kuliko mwingine wowote, kwa kuwa ndiyo inayoonesha kwamba watu wa asili mbalimbali walikuwapo katika uwanja mmoja siku moja.

Hitimisho

Makala yameonesha kwamba maadhimisho ya miaka 100 ya Lubumbashi yalihesabu umri wa mji wa kampuni, na kwamba familia zilizohudhuria zilikuwa na hesabu nyingine iliyotokana na kazi, kambi, mgomo, kufukuzwa na kuachishwa kazi. Hesabu hiyo haikukosa maandishi wala sanaa. Ilikosa kutambuliwa, kwa sehemu kwa sababu ya lugha iliyotumika kuitunza. Miji mingine ya kanda, ambayo nayo ilianzishwa katika miongo ya kwanza ya karne ya 20, inafikia au imekwisha kufikia umri huo. Watafiti na washauri wa sera wanayo nafasi ya kuwauliza wakazi wake, kabla jukwaa halijajengwa, ni tukio lipi wangependa watoto wao waelezwe siku hiyo, na kulisikiliza jibu katika Kiswahili ambacho litatolewa.